Neno Kwanza, Chai Baadaye

Kama unaandika utafiti wako kwa Kiingereza, na Kiingereza si lugha uliyoogeshwa nayo ukiwa mtoto, vuta kiti. Mimi naitwa Zuhura. Nimehariri makala za watafiti hapa Nairobi tangu enzi za taipureta mpaka enzi hizi za programu zinazokumalizia sentensi kabla mwenyewe hujajua unataka kusema nini. Nimestaafu juzi juzi. Watoto wangu wananiambia nipumzike, nami nawajibu: nitapumzikaje na bado kuna watu wanaandika aya ya ukurasa mzima?

Sikusomea kazi hii. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kupiga chapa katika chumba cha ghorofa ya pili kule River Road, juu ya duka la vitambaa la mjomba wangu. Sisi ni watu wa Mombasa, na mjomba aliamini kwamba msichana mwenye vidole vyepesi hawezi kulala njaa mjini. Wanafunzi wa vyuo walileta tasnifu zao zimeandikwa kwa mkono, nami nikazipiga chapa. Mwanzoni sikuelewa kitu. Nilipiga chapa kurasa nyingi sana kuhusu minyoo ya mbuzi kama mtu anayeshona nguo ya mtu asiyemwona. Kisha asubuhi moja, katikati ya sentensi, nikagundua naelewa. Nilijua mwandishi anataka kusema nini, na nilijua pia kwamba hajasema. Mwili ulinisisimka. Mpaka leo, msisimko ule haujaniisha.

Katika chumba kile kulikuwa na Mzee Oduor, msoma prufu aliyestaafu kiwanda cha uchapaji, akakodi meza moja karibu na dirisha. Alisoma kwa rula. Aliiweka chini ya sentensi ya mwisho ya makala, akaisoma, kisha akapanda hadi ile iliyo juu yake, na kuendelea hivyo hadi mwanzo. Nilidhani uzee umemzidi.

"Mzee, unasoma kinyumenyume?"

"Binti ya Mombasa, ukisoma kutoka mwanzo, mwandishi anakubeba mgongoni, huoni barabara. Mimi nataka kila sentensi itembee na miguu yake."

Jaribuni. Ukimaliza kuandika, soma sentensi ya mwisho peke yake, kisha ile iliyoitangulia. Utaona ngapi ni viwete. Mzee Oduor alikuwa na namna yake ya kuwasema watafiti pia, tena mbele yao. Aliwahi kumrudishia mwanafunzi mmoja wa uchumi karatasi yake akamwambia: "Kijana, hii sentensi imetoka nyumbani asubuhi. Sasa ni saa kumi jioni na bado haijafika." Kijana akauliza afanye nini. "Ilaze mahali. Weka nukta. Kesho iendelee na safari."

Kwa hiyo nilijifunza kwa kusikiliza, na kwa kadi. Kila nilipokutana na sentensi iliyofanya kazi yake vizuri katika jarida zuri, niliinakili kwenye kadi nikafuta maneno yote ya utafiti, nikabakiza mifupa tu. Sentensi ya kusema jambo fulani halijulikani. Sentensi ya kusema tulipima hivi kwa sababu hii. Sentensi ya kukiri udhaifu wa vipimo bila kulia. Kadi hizo nilizipanga kulingana na kazi ya sentensi, siyo kwa alfabeti. Si wizi wa maandishi, kwa sababu nyama nimeiacha kwa mwenyewe. Ninyi leo mnaweza kufanya hivyo kwenye simu, lakini nawasihi mnakili kwa mkono wenu. Mkono hukumbuka mahali jicho limepita tu.

Niwaambie mnapokosea, maana makosa yetu ni yetu, mtu wa London hawezi kuyafanya hata akijitahidi. La kwanza ni insha. Shuleni tulifundishwa kwamba mwandishi hodari harudii neno, kwamba insha huanza kwa methali, na kwamba msamiati mzito huongeza alama. Halafu mtoto huyo aliyepata alama nzuri anakuwa mtafiti. Nilikuwa na mtafiti mmoja wa mifugo, mtu mzima mwenye ndevu, aliyeandika kuhusu ng'ombe. Aya ya kwanza walikuwa ng'ombe. Aya ya pili aliona haya kurudia, wakawa wanyama wa kufugwa. Ya tatu wakawa viumbe wenye kwato. Ya nne mali hai ya mkulima. Mhakiki wa jarida akaandika swali moja: "Tafadhali eleza, mlipima aina ngapi za wanyama?"

"Ni ng'ombe tu, Madam!" akaniambia, karibu kulia.

"Basi waite ng'ombe."

"Kila mahali?"

"Kila mahali. Ng'ombe hachoki kuitwa ng'ombe."

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike haya. Litanilazimu niwasimulie habari ya Nafula.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nimehama mjini zamani, nikafanya kazi na ofisi ya uhariri kule Westlands, na kila Alhamisi niliendesha kliniki ya uandishi katika taasisi moja ya utafiti upande wa Loresho. Kliniki ni meza, viti viwili, na mtafiti mmoja kwa zamu. Nafula aliingia akiwa amekumbatia kompyuta yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kutoka Busia, anatafiti uhifadhi wa mahindi.

"Madam, niko na shida ya Kizungu."

"Nani kasema?"

"Mhakiki. Amenirudishia pepa mara ya pili."

Akanisomea. Mhakiki alikuwa ameandika kwamba lugha ya makala irekebishwe na mtu aliyezaliwa na Kiingereza, kwa sababu hakuweza kutambua mwandishi anadai nini. Mhariri wa jarida alikuwa amempa nafasi moja tu ya kurekebisha. Nafula akanieleza kilichokuwa hatarini. Chuo chake hakimruhusu mtu kufuzu uzamivu kabla makala yake moja haijakubaliwa na jarida. Kule magharibi, karibu na kwao, chuo kingine kilikuwa kimemwekea kazi ya uhadhiri, na barua yao ilisema wataishikilia hadi Januari. Makala ikikataliwa, aanze upya kwa jarida lingine, na Januari impite akiwa bado kwenye foleni.

Nikachukua makala, nikaisoma. Kisha nikaisoma kinyumenyume, kwa rula. Vijana, sikuona kosa. Nafula alikuwa ameipitisha kwenye programu ya kompyuta, na Kiingereza kilikuwa kimepigwa pasi kama sare ya shule siku ya Jumatatu. Kila sentensi ilitembea kwa miguu yake. Na nilipomaliza, nami pia sikujua anadai nini!

Nilifurahi sana. Msinielewe vibaya, nilimhurumia. Lakini hebu fikirini: makala isiyo na kosa hata moja, na hakuna anayeielewa! Daktari aliyetibu malaria maisha yake yote, siku moja akaletewa homa asiyoijua, hulala usingizi? Nikamwambia afunge kompyuta.

"Mpigie mama yako simu."

"Saa hii?"

"Saa hii. Mwambie umegundua nini. Mwambie kredo inaisha, una pumzi moja tu."

"Madam, nikimpigia saa hii atadhani kuna matanga."

"Basi mwanzie hapo."

Hii ni dawa yangu ya siku nyingi, na huwa naitoa kwa kila mtu: sema ulichogundua kwa lugha unayofikiria nayo, kwa mtu anayekupenda lakini hana muda. Kwa kawaida watafiti hujifanya wanapiga. Nafula alipiga kweli. Aliweka spika, simu juu ya meza.

"Mama, hakuna kitu mbaya. Hapana, hakuna mtu amekufa."

"Basi sema haraka, ng'ombe imeingia kwa shamba ya wenyewe."

"Mama, kredo inaisha. Mahindi ukiianika kwa turubai, ikikauka, usitie kwa gunia ikiwa moto. Iweke kwa kivuli ipoe mpaka jioni. Ukiifunga moto, inatoa jasho ndani ya gunia, inashika kuvu."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo, mama."

"Hiyo ndiyo imekuweka shule miaka yote hiyo?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Ni kitu mzuri. Lakini Nafula, si yule Profesa wako alikuja kwa baraza ya chifu akatuambia tufunge ikiwa bado moto, ndio umande isiingie?"

Nafula alizima spika haraka kama mtu anayefunika sufuria inayofurika. Akaongea kidogo kwa lugha yao, akakata simu, akawa anaangalia meza.

Nikafungua makala tena. Sasa nilijua ninachotafuta. Nilikikuta ukurasa wa kumi na tisa, katikati ya aya ndefu, kimejikunyata: kwamba matokeo haya hayapingani kabisa na mapendekezo yaliyotangulia, ingawa katika mazingira fulani huenda pakawa na haja ya kuyatazama kwa kiasi fulani. Kabla ya hapo kulikuwa na kurasa za historia ya mahindi, sifa za kazi ya Profesa, umuhimu wa chakula duniani na shukrani za kila aina.

"Profesa ni msimamizi wako?"

"Na jina lake liko kwa pepa. Vipimo za mwanzo ni zake." Akasogeza kompyuta kando, akasema taratibu: "Madam, baba yangu alikufa nikiwa mwaka wa kwanza. Profesa ndiye alinitafutia ufadhili. Siku ya mahari yangu, ni yeye alikaa kwa kiti ya baba. Siwezi kuandika mzee amekosea. Tena kwa Kizungu. Tena mahali dunia yote inasoma."

Hilo, vijana, ndilo kosa la pili, na hakuna programu inayoweza kuligundua. Mashine itanyoosha lugha yako, lakini haijui unachoogopa kusema. Itakusaidia kukificha vizuri zaidi, kwa Kiingereza kizuri.

Na sisi tumelelewa hivyo, siyo aibu. Kwetu pwani, ukifika kwa mtu ukamwambia shida yako ukiwa bado mlangoni, wataulizana umelelewa na nani. Unasalimia, unauliza watoto, wazee, mvua, unaketi, unakunywa, ndipo neno linatoka lenyewe, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayekusaidia kulitoa. Kwao magharibi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo tukishika kalamu tunamwandalia msomaji chai. Tatizo ni kwamba msomaji wa jarida hajaja kukutembelea. Amesimama mlangoni, ana makala nyingine kumi mkononi, na anauliza: kuna nini? Akikosa jibu, hajui kwamba wewe una adabu. Anadhani hujui Kiingereza.

Nilimweleza Nafula hivyo. Akanisikiliza, kisha akafanya jambo ambalo mwanafunzi mzuri hufanya: akaacha kunisikiliza. Akavuta karatasi na kuanza kuchora mstari.

"Profesa alipimia wapi?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Akajijibu. "Juu. Kule baridi. Huko umande ni mingi na mahindi inapoa mbio hata kabla ufunge. Mimi nilipimia chini, karibu na mto. Joto. Madam, hajakosea! Hajakosea kule juu. Ushauri ndio ulishuka bila vipimo kushuka nao."

"Andika hiyo."

"Hiyo?"

"Hiyo hiyo. Kwa Kiingereza, fupi. Na iweke juu kabisa, kwenye ikisiri, sentensi ya pili."

Tulifanya kazi mpaka mlinzi akaja kufunga. Nilimpa utaratibu ninaowapa wote. Tulichukua makala tano zilizokubaliwa na jarida lile lile, kisha kwa penseli za rangi tukatia alama kila aya: buluu ikiwa inasema yanayojulikana, nyekundu ikiwa inasema yasiyojulikana, kijani ikiwa inasema sisi tumefanya nini. Katika zote tano, kijani kilitokea kabla ya kugeuza ukurasa wa kwanza. Kisha tukatia rangi makala yake. Ilikuwa buluu tupu, kama ziwa. Nafula alicheka mpaka akafuta machozi. Tukaanza kusogeza. Hatukubadilisha Kiingereza sana, tulibadilisha mpangilio. Tulitupa historia ya mahindi, nayo ilikuwa nzuri, na kila tulipotupa aya alisema "pole" kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu.

Ikabaki sentensi ile ya pili. Ilikuwa nyepesi na ya kweli, nami nilikuwa nimeinuka kitini kwa furaha. Nikamwambia aitume.

"Siwezi kutuma kabla Profesa hajaiona."

Alikuwa na haki. Kila ambaye jina lake liko kwenye makala lazima asome na akubali. Hiyo siyo adabu tu, ndiyo sheria ya kazi. Mlikumbuke hilo mnapokimbilia kubonyeza.

"Basi mpelekee."

"Si peke yangu. Twende na wewe, Madam. Uwe mshenga."

Nimewahi kuwa mshenga kwa ndoa za wapwa wangu. Kwa mahindi, ilikuwa mara ya kwanza.

Tulienda Jumamosi mchana. Profesa alikuwa amestaafu kufundisha darasani na anaishi kwa binti yake Spring Valley, katika nyumba yenye ua mrefu, ambako majirani wamepanda waridi na yeye amepanda mahindi, mistari minne iliyonyooka, kando ya lango. Nafula alibeba sukari, majani ya chai na mkate, mambo ya heshima. Profesa alitupokea mwenyewe mlangoni, mzee mrefu mwenye sweta, akamshika Nafula mikono yote miwili.

Tukakaribishwa. Tukaulizwa habari za Busia, habari za mama, za ng'ombe wa mama mmoja mmoja. Nafula akauliza habari za magoti ya Profesa. Chai ikaja. Akaisifu. Ikaja tena, akaisifu tena. Akasifu mahindi ya lango, akarudi kuisifu chai. Nikawa namtazama na kushangaa, kwa sababu nilikuwa nimeshaisoma ziara hii! Tulikuwa ukurasa wa sita, wa saba, wa kumi. Makala yake ya zamani yote ilikuwa imeketi sebuleni ikinywa chai.

Mwishowe Profesa akaweka kikombe chini.

"Nafula. Umesifu hii chai mara tatu na haina hata tangawizi. Kuna nini?"

Nafula akanigeukia. Hapo ndipo mshenga hufungua mdomo, na ninakiri maneno yalikuwa yamejaa kinywani mwangu. Nikayameza. Mshenga humsemea mtu, lakini mwandishi hasemewi. Nikachukua kipande cha mkate.

"Profesa," akasema, kisha akavuta pumzi, na akayasema yote kwa pumzi hiyo moja. "Ule ushauri wa kufunga mahindi ikiwa moto unafanya kazi juu, lakini huku chini kwetu unaleta kuvu, na nimeandika hivyo, na nimeiweka mbele."

Nje, mtu alikuwa anakata majani ya ua kwa mkasi.

"Hapana," akasema Profesa. "Mimi nilipima. Misimu mitatu."

"Ulipima juu, Profesa."

"Nilipima vizuri!"

"Ulipima vizuri sana. Juu."

"Na wewe ulipima joto ndani ya gunia? Ama ulipima hewa ya ghala ukarudi kulala?"

"Ndani na nje. Mchana na usiku."

"Gunia ngapi ziliota kuvu?"

Akamwambia. Profesa akasimama, magoti yakalia, akaenda dirishani akatugeuzia mgongo. Alikaa hapo mpaka chai iliyobaki ikafanya utando.

"Basi toa jina langu," akasema bila kugeuka. "Andika unavyotaka. Toa jina langu."

Nilijua maana yake, na Nafula pia alijua. Nusu ya vipimo vilikuwa vya Profesa. Bila yeye makala haisimami, lazima iondolewe, na Januari iende zake. Nafula akaweka kikombe chini.

"Siwezi, baba."

Mchana kutwa alikuwa amemwita Profesa.

"Nikitoa jina yako, watu watasoma wadhani nakupinga. Jina yako ikikaa, ni sisi wawili tumeendelea kuangalia mpaka tukaona zaidi. Mimi sitaki kukupinga. Nataka tuseme pamoja."

Mzee aligeuka. Sijui alikuwa ameona nini dirishani. Aliketi, akapapasa miwani, akanyoosha mkono. "Leta hiyo karatasi."

Akasoma ikisiri. Akarudia sentensi ya pili, midomo ikitembea.

"Hii ilikuwa wapi kwa ile nakala ulinitumia kwanza?"

Nafula akainamisha kichwa. "Ukurasa wa kumi na tisa."

"Kumi na tisa!" Profesa akavua miwani. "Mimi ni msimamizi wako, na mimi mwenyewe sikufika huko!"

Alianza yeye kucheka. Kisha mimi, nikapaliwa na mkate, na Nafula akawa anacheka na kulia na kunipiga mgongo wakati mmoja. Binti yake Profesa alikuja mbio kutoka jikoni akidhani kuna mtu ameanguka.

Mzee alipotulia akaomba kalamu, akaanza kazi. Nilisogea karibu nione, kwa maana siwezi kujizuia. Alikata "huenda" iliyosalia ndani ya makala. Akakata "kwa kiasi fulani". Katika sentensi ya pili tulikuwa tumeandika kwa uangalifu kwamba utafiti uliotangulia ulipendekeza hivi. Akakata hilo pia, na juu yake akaandika kwamba *sisi* tulipendekeza kufunga mahindi yakiwa moto, na kwamba katika nyanda za chini zenye joto ushauri wetu unaleta kuvu. Ilikuwa kali kuliko sentensi yetu. Ilikuwa fupi kuliko sentensi yetu. Miaka yote ile ya kadi, sijapata kunakili sentensi bora kuliko ile, na iliandikwa na mtu aliyekuwa anajisahihisha mwenyewe.

"Na wewe, Mama," akaniambia akinirudishia kalamu, "mshenga gani huyu hasemi hata neno?"

"Posa imekubaliwa bila mimi, Profesa. Nimekula mkate."

Tulituma makala Jumatatu. Barua ya kumjibu mhakiki Nafula aliiandika mwenyewe, na niwape hilo pia kwa sababu wengi huharibu hapo: nakili kila neno la mhakiki, chini yake weka jibu lako, kisha mwonyeshe ukurasa na mstari ulipobadilisha. Usimshukuru kila mara. Mara moja inatosha, mwanzoni. Akisema kwamba Kiingereza chako ni kibaya, usimwambie kwamba umempa Mwingereza asome. Mwonyeshe mahali alipopotea na namna ulivyoweka njia.

Kisha tukangoja. Oktoba ikaisha. Novemba ikaja na mvua yake. Nafula aliacha kuja kliniki kwa sababu, alisema, akiniona anakumbuka barua isiyokuja. Desemba ikaanza, na mimi nikaanza kufungasha vitu vyangu ofisini, siku zangu za kazi zikiwa zinahesabika.

Alinipigia adhuhuri moja, niko Westlands nje ya duka la vitabu, kelele za honi kila upande. Kwanza sikusikia neno, nilisikia tu mtu anapiga mayowe.

"Nafula? Kuna nini?"

"Wamekubali! Madam, wamekubali! Nimeshawatumia wale wa uhadhiri barua, wamesema nianze Januari!"

Nilipiga vigelegele pale pale barabarani, mwanamke mzima mwenye mtandio na mkoba uliojaa karatasi. Kijana wa teksi akanipongeza bila kujua kwa nini.

"Na mhakiki kasema nini kuhusu Kiingereza?"

"Hajasema kitu! Hata neno moja!" Akavuta pumzi. "Lakini mhakiki wa pili anabisha."

"Anabisha?"

"Ameandika ukurasa mzima! Anasema jasho si ya joto ya mahindi peke yake, ni gunia. Anasema tulitumia gunia ya plastiki, ingekuwa ya katani ingepumua, matokeo yangekuwa tofauti. Anabisha kabisa, Madam!" Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi, kwa sababu mtu hawezi kukubishia kabla hajakuelewa.

"Na wewe unaonaje?"

Akaanza kunijibu, na alijibu kwa Kiingereza, bila kujua kwamba amebadilisha lugha. Hakusema kwanza mhakiki ni mtu wa heshima. Hakuanza na historia ya gunia. Alisema katani ingepunguza kuvu lakini isingeiondoa, akasema kwa nini, akasema angepimaje msimu ujao kujua nani kati yao yuko sawa. Kulikuwa na kosa dogo hapa na jingine pale. Nilisogea ukutani nikaziba sikio la pili kwa kidole, nisipitwe na hata neno moja, na sikumkatiza.